Tshibumba, mchoraji aliyeweka historia ya Kongo kwenye mifuko ya unga

LIKASI – Miaka ya 1970, ukiingia saloni ya mfanyakazi wa Gécamines hapa Likasi, Kolwezi ao Lubumbashi, mara nyingi ulikuta tablo ukutani. Kwa wengi ilikuwa mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Kwingine ilikuwa « Colonie belge »: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anamchapa fimbo, na mkubwa wa kizungu amesimama anatazama. Watu walisema tablo kama hizo ni za ukumbusho. Wachoraji wenyewe walizunguka nazo wakitafuta wanunuzi.

Mmoja wao alikuwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika jamaa yenye asili ya Kasai. Hakuwa na turubai za duka. Alichora juu ya nguo ya mifuko ya unga. Alikuwa na mke na watoto wa kulisha, kwa hiyo alichora pia kile wanunuzi walichotaka. Lakini yeye alijiona kuwa mwanahistoria.

Mwisho wa mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu wa antropolojia mwenye asili ya Ujerumani aliyekuwa akifundisha kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba alimweleza kwamba angependa kuchora historia ya inchi yote, tangu mwanzo. Kwa miezi iliyofuata alirudi na tablo mpya, tena na tena, mpaka zikafika takriban 100 mwisho wa 1974. Kila mara alikaa na kueleza alichochora, na magnetofoni ikirekodi. Alisema kwa Kiswahili cha Katanga, kile tunachosema sokoni na nyumbani. Kwangu mimi, kanda hizo zina uzito sawa na tablo zenyewe.

Ndani ya kazi hiyo mna wafalme wa zamani na Wareno wanaofika pwani. Mna Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891. Mna pia mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière wa Desemba 1941, walipopigwa risasi Élisabethville. Mgomo huo uligusa Jadotville pia, yaani Likasi yetu, na wajukuu wa wale wafanyakazi wangali wanaishi hapa.

Lumumba ndiye aliyemshika zaidi. Alimchora akihutubia, akikamatwa, akiletwa Katanga. Katika tablo ya kifo chake, amelala chini pamoja na Mpolo na Okito, na nyuma yao kuna misalaba mitatu. Mkristo yeyote anaelewa mara moja kilichokusudiwa. Kumchora Lumumba hakukuwa kosa wakati ule. Mobutu mwenyewe alikuwa amemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Kilichohitaji moyo ni kuendelea mbele hadi wanafunzi waliouawa Kinshasa mwezi wa Juni 1969, chini ya Mobutu huyo huyo, na kuweka sahihi yake chini.

Baada ya Fabian kuondoka, Tshibumba aliendelea kuuza kazi zake katika miji ya migodi. Maisha yalikuwa yakipanda bei, shaba ikishuka, na wenye mshahara walikuwa na mengine ya kununua kabla ya tablo. Kufikia mwaka 1981 hivi alipotea. Rafiki na wachoraji wenzake hawakumwona tena. Alikuwa na umri wa miaka 34 hivi.

Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu chenye tablo zote na maelezo ya Tshibumba, lakini kwa Kiingereza. Tablo zilizochorwa kwa Fabian ziko leo Amsterdam, katika jumba la makumbusho la Wereldmuseum, lililoitwa zamani Tropenmuseum. Ni safari ya ndege na viza kwa mtu wa Likasi anayetaka kuona jinsi mwenzake wa Katanga alivyochora mgomo wa 1941.