Burkitt: Daktari aliyeifuata saratani ya watoto kwa gari

Na Mwandishi Wetu, Songea

MKAZI wa Mkoa wa Ruvuma anayeteremka kutoka milima ya Umatengo kwenda Mbamba Bay huacha baridi nyuma yake na kupokewa na joto la Ziwa Nyasa. Tofauti ya namna hiyo, kati ya nyanda za juu na mabonde yenye joto, ndiyo iliyomwongoza daktari mpasuaji Denis Burkitt kuufumbua mmoja wa ugunduzi mkubwa wa saratani katika karne ya 20.

Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, Februari 28, 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja baada ya kupigwa jiwe. Alianza kusomea uhandisi katika Chuo cha Trinity, Dublin, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka 1935.

Baada ya utumishi wa jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alikwenda Uganda mwaka 1946. Alianzia Lira, akahamia Hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye, Burkitt alimkuta mtoto mwingine wa hali hiyo hospitalini Jinja.

Alipopekua majalada ya wagonjwa alibaini kuwa uvimbe wa taya na ule wa tumboni, uliodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu watoto 38 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Makala hayo yalipita karibu kimya.

Hata hivyo, Burkitt hakukata tamaa. Kwa msaada wa pauni 25 alichapa vipeperushi vyenye picha za ugonjwa huo na kuvituma katika hospitali nyingi za Afrika. Majibu yalipofika, aliyaweka kwenye ramani.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu. Kwa wiki kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru wake wa Desemba. Katika kila hospitali waliuliza kama ugonjwa huo umeonekana.

Ilidhihirika kuwa karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa nadra mahali palipozidi mwinuko wa takriban mita 1,500, na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo kikomo hicho kilivyoshuka. Kilichoamua ni joto na mvua, mambo yanayofaa mazalia ya mbu. Utafiti wa baadaye ulithibitisha kuwa malaria ya mara kwa mara huchangia ugonjwa huo.

Mwaka huohuo wa 1961, mtafiti Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akihutubia jijini London, akaomba sampuli za uvimbe. Zilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964, Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kirusi walichokiona ndani ya chembe hizo, ambacho ndicho cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Aidha, Burkitt alionyesha kuwa dawa zilizotolewa kwa kiasi kidogo ziliweza kuuyeyusha uvimbe na kuwaponya baadhi ya watoto, katika zama ambazo matumaini ya kutibu saratani kwa dawa yalikuwa haba. Mwaka 1967 kilianzishwa Kampala kituo cha tiba ya ugonjwa huo, ambacho ni chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966, akapata umaarufu mwingine kwa kuhimiza ulaji wa vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki dunia Machi 23, 1993.

Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake duniani kote. Lakini ushahidi wake ulitoka kwa watoto wa Kiafrika na kwa watumishi wa hospitali ndogo waliotunza kumbukumbu na kujibu barua.

Deni kwa watoto hao bado halijalipwa. Ugonjwa huu hukua kwa kasi na hutibika ukiwahiwa, ilhali dalili za mwanzo, meno kulegea na shavu kuvimba, hudhaniwa kuwa ni jino bovu tu. Mzazi anayeziona ampeleke mtoto hospitali bila kuchelewa.