Grogan: Jina Unalolitaja Ukitafuta Spea

Gari likivunjika kioo Nairobi, yeyote utakayemuuliza atakutuma Grogan. Lakini ushawahi kujiuliza huyo Grogan alikuwa nani? Sisi wa Mboghoni jina hilo tunalijua kivingine. Ukija Taveta kutoka Voi utaliona kasri lake juu ya kilima.

Ewart Grogan alizaliwa Uingereza mwaka 1874. Alimpenda Gertrude, ila baba wa kambo wa binti akamuona si lolote. Kijana akaamua kuvuka Afrika kutoka kusini hadi Cairo. Alifika 1900, akaoa, na 1904 akaja Kenya.

Sasa skiza. Jamaa alishika siasa kwa mkono mmoja na ardhi kwa mwingine. Chiromo, pale kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, palikuwa kwake. Wakati huo huo alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi.

Mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu watatu hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Walikuwa wavuta riksho, wakidaiwa kuwakosea heshima wanawake wa Kizungu. Hakimu alijaribu kuzuia, akapuuzwa. Grogan akafungwa mwezi mmoja tu, tena kwenye nyumba, si jela ya kawaida. Kule New York, Boss Tweed aliyefyonza pesa za jiji alifia jela 1878. Huyu wetu alitoka, na baadaye akaketi kwenye Baraza la Kutunga Sheria.

Huku kwetu alipanda mkonge kwenye ardhi kubwa ajabu, na miaka ya 1930 akajenga lile kasri. Tusimnyime haki yake: mkewe alipofariki, alitoa ardhi ya hospitali ya watoto ya Gertrude's, ambayo inatibu hadi leo.

Alifariki Cape Town mwaka 1967. Barabara yake ikaitwa Kirinyaga, ingawa mafundi bado wanasema Grogan. Mashamba ya mkonge nayo yakaenda kwa matajiri wengine. Ndiyo maana hadi leo kuna Mtaveta anayeitwa skwota pale pale walipozikwa babu zake.

Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwako na fulana za bure, mpokee vizuri. Kisha muulize viwanja vyake viko wapi, na alivipataje.