Seyyid Said bin Sultan na Soko la Karafuu

Kila mwaka katika kijitabu hiki tunamkumbuka mtu mmoja aliyeacha alama katika kisiwa chetu. Safari hii ni Seyyid Said bin Sultan.

Alizaliwa Oman mwaka 1791 na kushika utawala akiwa bado kijana. Katika miaka ya 1820 majeshi yake yaliiondoa Pemba mikononi mwa Mazrui wa Mombasa. Alifika Unguja mwaka 1828, na baadaye akahamishia huko makao yake.

Mikarafuu ilikuwa imeshaletwa Unguja kabla yake. Yeye aliitia mkazo, na inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Hatuwezi kuficha kwamba mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa. Wazee wetu wengi ni kizazi chao, na deni hilo halijasahauliwa.

Wahenga wamesema kizuri chajiuza. Seyyid Said hakungoja kijiuze. Kwanza alimrahisishia mnunuzi: ushuru wa forodha ukawa mmoja, asilimia 5 ya bidhaa inayoingia, ili mfanyabiashara ajue hesabu yake kabla ya kutia nanga. Pili, aliwafungulia wageni mlango kwa mikataba: Marekani mwaka 1833, Uingereza 1839, Ufaransa 1844. Balozi mdogo wa Marekani alikuwa Unguja tangu 1837, na mnunuzi wa mbali akawa na mwenyeji wa kumuuliza. Tatu, alimfuata mnunuzi kwake. Mwaka 1840 jahazi lake kubwa, Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, lilitia nanga New York likiwa na karafuu, pembe za ndovu, tende, kahawa na ngozi.

Alifariki baharini Oktoba 1856, akirudi kutoka Oman. Kufikia hapo Zanzibar ilikuwa inaongoza duniani kwa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilisalimika zaidi, na tangu hapo sisi ndio tunaobeba sehemu kubwa ya zao hili.

Ndugu zetu mlioko Unguja, Dar es Salaam, Maskati na kwengineko, karafuu yetu bado ni nzuri. Lakini anayeinunua dukani mara nyingi hajui kuwa imetoka Pemba, wala hajui pa kuipata tena. Mchango wenu wa mwaka huu utanunua majamvi ya kuanikia, mizani, na vifuko vyenye jina la kisiwa chetu. Mchumaji anapanda mti kwa kamba, roho mkononi. Tumsaidie basi kazi yake imfikie mnunuzi ikiwa na jina lake.