Mzee Ojwang', Mkikuyu aliyeishi kwa ulimi wa Kijaluo

WASOMAJI waliokulia Nairobi au Mombasa hawahitaji kuambiwa Mzee Ojwang' alikuwa nani. Kwa ndugu zetu waliorudi nchini kutoka Kongo, Burundi au kwingineko ambako runinga ya Kenya haikufika, huyu ndiye mzee wa miwani mikubwa, kofia na koti lililomzidi, aliyevunja watu mbavu katika kipindi cha Vitimbi kwa Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo. Aliaga dunia Jumapili ya tarehe 12 Julai, 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78.

Jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau Karira. Anayeyajua majina ya Kenya ameshashtuka. Wanjau ni jina la Kikuyu. Yule mzee ambaye Wakenya wengi waliapa kwamba ni Mjaluo wa kutoka kandokando ya Ziwa Victoria hakuwa Mjaluo hata kidogo.

Tusipite hapo haraka. Kuigiza sauti ya mtu kwa dakika mbili ili watu wacheke, mtoto yeyote wa mtaani anaweza. Kuishi ndani ya sauti hiyo kwa miaka ipatayo 30, bila ya wenye lugha kukushtukia na bila ya kuwaudhi, ni kazi nyingine kabisa. Mkikuyu akisema Kiswahili, r na l hubadilishana viti, na ch huelekea kuwa sh. Mjaluo hana shida hiyo. Kinachomtatiza yeye ni sh, ambayo humtoka ikiwa s: shamba likawa samba, shida ikawa sida. Kwa hiyo Wanjau alikuwa na kazi mbili kila alipofungua kinywa. Kwanza kuuzuia ulimi aliozaliwa nao usiteleze, kisha kuuvaa wa jirani.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Mimi ni mtoto wa wakimbizi, na shule yangu yote niliisoma Nairobi. Sisi Wanyarwanda, kama Wakikuyu, r na l hutuchanganya. Nilipotaka kusema kulala nilisema kurara, ambalo kwetu ndilo neno lenyewe, na darasa zima liliangua kicheko, mwalimu akiwa wa kwanza. Jioni nilikwenda kwa majirani waliokuwa na runinga, nikamkuta mzee mmoja anasema Kiswahili kilichopinda kuliko changu, na watu wanampenda. Nilimtazama kwa makini kuliko nilivyotazama ubao wa darasani. Sikujua wakati huo kwamba ule upinde aliutengeneza mwenyewe.

Vitimbi kilirushwa na Sauti ya Kenya, shirika la serikali ambalo mwaka 1989 lilibadilishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Ojwang' alikuwa mzee wa maneno mengi, mwenye kujiona bosi, na mkewe Mama Kayai ndiye aliyemrudisha chini kila alipopaa. Mama Kayai ni Mary Khavere, Mluhya. Yaani nyumba ya Kijaluo iliyopendwa kuliko zote nchini Kenya haikuwa na Mjaluo, si mume wala mke. Hata hivyo watazamaji wengi waliamini kuwa ni mtu na mkewe kwelikweli.

Ni vizuri kukumbuka jinsi sanaa ya uigizaji ilivyokuwa Kenya siku hizo. Mwaka 1977 mchezo wa Kikuyu wa Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, uliochezwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, ulipigwa marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Jukwaa lilikuwa mahali pa hatari. Katika runinga ya serikali kilichobaki salama kilikuwa kicheko cha nyumbani: mume na mke, madeni, majirani wenye mdomo. Vioja Mahakamani, ndugu yake Vitimbi, nacho kilichekesha kikifundisha watu kuogopa sheria. Wapo wanaovidharau vipindi hivyo kwa sababu hiyo, wakisema viliwalaza watu. Mimi sikubaliani nao. Kiswahili ndicho kilichomleta Mkikuyu, Mluhya, Mjaluo na Mkalenjin mbele ya kioo kimoja, kila mmoja na lafudhi yake, na hakuna aliyefukuzwa kwa lafudhi hiyo.

Na hilo si jambo dogo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kenya iliwaka moto. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wakikuyu waliokuwa katika miji ya Wajaluo walikimbia, na Wajaluo waliokuwa katika miji ya Wakikuyu walikimbia pia. Watu walisimamishwa barabarani, na jina au lafudhi ikatosha kumponza mtu. Sisi tuliorudi Rwanda hatuhitaji kuelezwa maana ya kizuizi cha barabarani. Wakati huo huo, mzee mmoja aitwaye Wanjau alikuwa akijulikana nchi nzima kwa jina la Ojwang'.

Hapa Masaka, tangu bandari kavu ilipofunguliwa, madereva wa malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam ni wageni wetu wa kila siku. Mtajie dereva Mkenya wa makamo jina la Ojwang' uone uso unavyobadilika. Vijana wao hawamjui. Na ninyi mnaovuka Rusumo, Gatuna au Goma kutafuta riziki mnajua kuwa ulimi ni mtaji: ukisema kama mwenyeji, bei inashuka, na ukisema kama mgeni, unalipa ugeni. Bunge letu lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, walimu wenzangu waliuliza tufundishe lafudhi ya nani, ya Tanzania, ya Kenya au ya Kongo. Mimi nilimkumbuka yule mzee nikanyamaza.

Mwisho wake haukuwa mzuri kama umaarufu wake. Wasanii wa vipindi vile hawakuwa waajiriwa wa kudumu wenye pensheni. Walilipwa kwa kazi waliyorekodi, na malipo yalikuwa madogo. Umri ulipomfikia, macho yakaanza kumtoka. Yule ambaye miwani mikubwa ilikuwa sehemu ya mchezo wake sasa alikuwa haoni kweli. Habari zilipotoka katika vyombo vya habari mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wakenya walichanga fedha akatibiwa macho. Walichanga Wajaluo, walichanga Wakikuyu. Lakini tujiulize, mtu aliyechekesha taifa zima kwa miongo mitatu kupitia shirika la umma, kwa nini matibabu yake yategemee mchango wa wapita njia? Mwandishi wa makala haya ameona wachezaji ngoma na waimbaji wa huku kwetu wakizeeka vivyo hivyo.

Alipofariki, ndipo wengi waliposoma jina lake kamili kwa mara ya kwanza. Kuna waliobishana kwamba gazeti limekosea, kwamba Wanjau ni mtu mwingine. Desturi ya Wajaluo ni kumrudisha marehemu kwao, nyumbani kwa baba zake, hata kama alifia mbali. Mzee Ojwang' alizikwa katika makaburi ya Lang'ata, Nairobi, mji alimofanyia kazi yake.