IRA HAYES: ASKARI ALIYEKATAA KUNYAMAZA

Mashujaa wengi husifiwa kwa bunduki. Mimi nawaletea aliyenipendeza kwa ukweli.

Ira Hayes alizaliwa tarehe 12 Januari 1923 kule Arizona, katika kabila la Wapima, wenyeji asili wa Marekani. Mwaka 1942 akaingia jeshini, kikosi cha Marine.

Tarehe 23 Februari 1945, yeye na wenzake watano walisimamisha bendera kwenye mlima Suribachi, kisiwani Iwo Jima, Japani. Joe Rosenthal akawapiga picha, nayo ikaenea kama moto nyikani. Taabu ni kwamba nyuso hazikuonekana vizuri, na kabla ya mwezi kupita watatu kati yao walikuwa wameuawa.

Serikali ilitangaza kuwa aliyeinama chini ya mlingoti ni Henry Hansen. Hayes alijua ni rafiki yake, Harlon Block. Alipomweleza afisa, akaamriwa anyamaze, kwa kuwa majina yameshatangazwa na wote wawili ni marehemu. Basi akazungushwa mijini kuchangisha pesa za vita, watu wakishangilia, naye roho inamuuma.

Jamani, uongo una mzigo! Mwezi wa Mei 1946 alifunga safari ya kilomita 2,000 hivi hadi Texas, kwa miguu na kwa lifti. Hiyo ni kama kutoka hapa Matayos hadi Mombasa na kurudi. Akamwambia babake Block ukweli wote. Kumbe mama mtu alikuwa ameshamtambua mwanawe kwa mgongo tu, lakini watu wakampuuza! Januari 1947 jeshi likasahihisha jina.

Hayes mwenyewe hakupata raha. Ulevi ulimshinda, polisi wakamshika mara nyingi, akafa tarehe 24 Januari 1955 akiwa na miaka 32. Mwaka 2016 na 2019 majina mengine mawili yalirekebishwa. Kwa hivyo kati ya majina sita ya 1945, matatu hayakuwa sawa!

Wenzangu, wazee wetu wa KAR nao walipigana na Wajapani kule Burma mwaka 1944. Nimeona picha zao ukutani katika nyumba za hapa kwetu, nyuma hamna hata jina moja. Muulize nyanya yako leo, uchukue kalamu uandike. Ukingoja kesho, utamuuliza nani?