Jean Jaurès na Gazeti Lake

Jean Jaurès alizaliwa Castres, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1859. Wazazi wake hawakuwa matajiri, lakini alijitahidi sana masomoni hata akawa mwalimu wa falsafa. Mwaka 1885 aliingia Bungeni, na baadaye akawatetea wachimba makaa wa Carmaux walipogoma.

Tarehe 18 Aprili, 1904, alianzisha gazeti la kila siku, L'Humanité, maana yake Ubinadamu. Fedha zilikuwa haba, lakini hakuchoka kuandika, hasa kupinga vita iliyokuwa ikikaribia. Kwa hiyo wengi walimwita msaliti. Jioni ya 31 Julai, 1914, alipokuwa akila na wenzake katika mkahawa mjini Paris, kijana mmoja alimpiga risasi kupitia dirishani, akafa. Siku tatu baadaye Ujerumani ikatangaza vita juu ya Ufaransa.

Gazeti halikufa. Baada ya 1920 lilikuwa la Wakomunisti. Mwaka 1939 lilipigwa marufuku, likachapwa kwa siri hata 1944, na mpaka leo lingali likitoka. Nasi tuandikao humu tujifunze kwake kusema lililo kweli, hata lisipopendwa.