Jenerali China: Shujaa aliyekubali kuzungumza na adui

MJINI Nyeri ndiko Waruhiu Itote alikohukumiwa kunyongwa, na ndiko alikokabidhiwa jukumu ambalo lingali linawagawanya wanaosimulia vita vya Mau Mau.

Itote, aliyejulikana zaidi kama Jenerali China, alizaliwa Mukurwe-ini mwaka wa 1922. Mnamo 1942 alijiunga na jeshi la KAR, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko alijifunza mbinu za vita vya msituni na kujionea kwamba Mzungu naye hufa kwa risasi.

Vita vilipokwisha, aliajiriwa katika shirika la reli. Hata hivyo, ardhi ya watu wake ilibaki mikononi mwa walowezi.

Mwaka wa 1952 aliingia msitu wa Mlima Kenya na kuwapanga wapiganaji katika vikosi vyenye nidhamu na vyeo. Upande wa Nyandarua uliongozwa na Dedan Kimathi na Stanley Mathenge. Nguvu za makundi yote mawili zilitegemea wanavijiji waliowapelekea chakula, dawa na habari.

Januari 15, 1954, Itote alikamatwa karibu na Karatina akiwa na jeraha la risasi shingoni. Mwezi uliofuata alihukumiwa kifo. Hata hivyo, afisa wa polisi Ian Henderson aliona kuwa angefaa zaidi akiwa hai. Itote akakubali kuwaandikia wenzake barua, akiwasihi wazungumze na serikali.

Adhabu hiyo ilibadilishwa. Mwezi wa Machi baadhi ya viongozi wa msituni walifika Nyeri kwa mazungumzo, lakini Aprili wanajeshi waliwashambulia wapiganaji, wengi wakauawa. Imani ikavunjika.

Baada ya hapo serikali ilizidi kuuzingira msitu. Operesheni ya Aprili 24 ilikata msaada kutoka Nairobi. Raia walihamishiwa vijiji vilivyolindwa, wakalazimishwa kuchimba handaki la takriban kilomita 80 kando ya msitu wa Mlima Kenya, lililojaa miti iliyochongwa. Njaa ikawa silaha.

Itote alizuiliwa Lokitaung, ambako kwa muda alikuwa pamoja na Jomo Kenyatta, akaachiliwa mwaka wa 1962. Baada ya uhuru alihudumu katika Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa, na mwaka wa 1967 akachapisha kumbukumbu zake. Alifariki mwaka wa 1993.

Wapo waliomwita msaliti. Lakini masaibu yaliyowapata waliobaki msituni, na vijiji vilivyokuwa vikiwalisha, yanaonyesha kwamba amani aliyoitafuta ingeokoa maisha ya wengi.